Mawe ya Muyira na jicho la msimulizi

Kwenye kilima cha Muyira, Bisesero, nchini Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, tangu Aprili hadi katikati ya Mei 1994, Watutsi waliokimbilia huko walipigana kwa mpango. Wanawake na watoto walikusanya mawe. Wanaume, wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara, walilala chini hadi wauaji wakaribie kabisa, kisha wakainuka kwa pamoja na kujitosa katikati yao. Mwenye bunduki akasita, maana risasi yake ingempata mwenzake. Mei 13 walikuja askari na wanamgambo wengi kutoka kwingine, na ngome ikavunjika.

Hapo anayewasimulia vijana ana kila kitu: mteremko, ukimya, ishara, vurugu. Lakini tazameni La fantaisie des dieux, hadithi ya picha ya mwaka 2014 iliyochorwa na Hippolyte na kuandikwa na Patrick de Saint-Exupéry. Hippolyte anachanganya rangi za maji na picha za kamera, na hilo nalisifu kwa moyo wote: msomaji akishazama kwenye rangi, picha halisi inamkumbusha kwamba huyu aliishi. Tatizo liko kwenye jicho. Saint-Exupéry, mwanahabari wa Le Figaro, alifika Bisesero Juni 27 pamoja na askari wa Ufaransa, ambao waliondoka wakarudi Juni 30. Anayesimulia kupitia kwake anawakuta manusura wamekonda, wakitoka vichakani. Mapigano yenyewe lazima yaingie kama kumbukumbu. Kijana anajifunza kuhurumia kabla ya kuelewa jinsi watu wale walivyojihami.

Filamu fupi We Are All Rwandans ya mwaka 2008 ilikuwa na kazi nyepesi zaidi, kwa sababu wanafunzi wa shule ya Nyange, Machi 18, 1997, walipinga kwa kukataa: waliamriwa na washambuliaji wajitenge Wahutu na Watutsi, wakagoma. Usiku mmoja, amri moja. Mawe yanadai nafasi na muda.

Huku kwetu Rusizi nafasi ipo. Pale Mibilizi, na Shangi upande wa Nyamasheke, waliokimbilia parokia mwaka 1994 waliwarudisha nyuma washambuliaji wa kwanza kwa mawe. Aprili 29 Shangi, na siku iliyofuata Mibilizi, yalikuja mabomu ya mkono na bunduki. Yussuf Munyakazi wa Bugarama alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2010 miaka 25 kwa mashambulio hayo mawili. Atakayewaandikia vijana hadithi hiyo aanze na siku ambazo mawe yalitosha. Aonyeshe nani aliyabeba, kutoka wapi, na yalirushwa umbali gani. Bunduki zitakapoingia, kijana atakuwa ameshajua kwamba waliokufa hawakushindwa kwa uzembe wala woga. Walizidiwa silaha, na hesabu hiyo lazima ionekane kwenye kila ukurasa.