Ufundi wa Kuondoa

Seremala huongeza msumari, mshonaji huongeza uzi, mwashi huongeza tofali. Mvuna chumvi wa pwani haongezi kitu. Bahari ya bamvua inapojaa, huyafungulia maji yaingie majarubani, huko nyuma ya mikoko alikoshindilia udongo mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Kisha huziba mlango, akaliachia jua na upepo. Kazi yake nzima ni kuondoa.

Wapo wanaosema kwamba hiyo si kazi, kwani jua ndilo linalotenda. Na wajaribu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila namna, na zaidi ya robo tatu yake ndiyo hii ya mezani. Zinazobaki ni hasa chokaa, jasi na chumvi chungu za magnesiamu. Hakuna chujio la kuzitenga, ila kila moja ina zamu yake. Chokaa hutangulia kutua. Maji yakikaribia kubaki sehemu moja ya tano, jasi hufuata. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inapojitokeza. Ndiyo maana fundi huyahamisha maji kutoka jaruba hadi jaruba, kila uchafu aukute umelala chumba chake. Chumvi ikishatanda, huyamwaga yale maji mazito ya mwisho. Mchoyo anayengoja tone lililobaki huvuna chumvi chungu, inayolowa gunia likiwa ghalani.

Mbona asiyapoze tu, kama sukari nguru inavyoganda? Kwa sababu chumvi haijali sana joto: maji ya moto huyeyusha kiasi kinachozidi kidogo tu kile cha maji baridi. Njia ni moja, maji yenyewe yaondoke.

Shuleni tulichorewa sodiamu ikimpa klorini elektroni moja, mwalimu akaiita ndoa. Mfano ule una nusu ya ukweli. Sodiamu ina elektroni 11, na moja imekaa peke yake ukingoni. Klorini ina 17, imepungukiwa moja ukingo wake utimie. Moja ikihama, wote wawili hutulia: mmoja ana chaji chanya, mwingine hasi, nao huvutana. Lakini jarubani hakuna anayempa mwenzake kitu. Utoaji ulikwisha zamani. Baharini mna ioni tu, yaani chembe hizo zenye chaji, kila moja imezingirwa na maji yanayoitenga na zile zinazoivuta. Fundi humwondoa huyo aliyeketi katikati, nazo hukutana zenyewe.

Wala hazifungi ndoa ya wawili. Mwaka 1913 akina Bragg, baba na mwana, waliipiga chumvi miale ya eksirei, wakabaini kwamba kila sodiamu ina klorini sita kandokando yake, na kila klorini ina sodiamu sita. Hakuna wa fulani. Ni mtaa, na ujirani wake ni wa nguvu: chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka nyuzi 801 za Selsiasi, ndiyo maana kikaango hakiiwezi. Hata hivyo itwange kinuni uone. Pigo likiusogeza mstari mmoja hatua moja, chanya hukabili chanya, hasi hukabili hasi, wanasukumana, na punje inapasuka kwa uso ulionyooka.

Siku upepo ukilala, mpangilio huo wa mtaa huonekana jarubani bila chombo chochote: visahani vya pembe nne, vimebonyea katikati, vinaelea juu ya maji. Punje zimejipanga kwa mraba ambao hakuna aliyezipimia.

Sodiamu tupu hulipuka ikiguswa na maji. Klorini tupu iliua askari kwenye mahandaki ya Ypres mwaka 1915. Umbali kati ya sodiamu ile na hii tunayoilamba ni elektroni moja iliyoachiliwa. Nami nikimwona mvuna chumvi ameinama kuufungua mlango, akiyaacha maji machungu yarudi baharini na punje zilizokuwa bado ndani yake, naona ni ufundi ule ule. Anajua cha kuachia, na anajua lini.