Marie Kondo Akifika Kinyerezi

Marie Kondo ana neno la kusema kuhusu hati ya mshahara. Kazi yake, anaeleza, ni kukujulisha umelipwa kiasi gani mwezi huu. Ukishaisoma, kazi imekwisha; itupe. Kanuni yake ya jumla kuhusu karatasi ni kutupa zote, isipokuwa chache unazozitumia sasa, utakazozihitaji kwa muda fulani au zinazolazimika kukaa daima. Nimesoma vitabu vingi vya nadharia mwaka huu wa uzamili, lakini hakuna sentensi iliyonifanya nibishane na kitabu kwa sauti kama hiyo.

Hata hivyo, kitabu hiki si cha kipuuzi. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Cathy Hirano, ilitoka 2014, na mwanzoni mwa 2019 Netflix ikamleta Kondo kwenye simu zetu. Hoja yake kubwa ni nzuri: usipange chumba kwa chumba, panga kwa aina. Anza na nguo, kisha vitabu, karatasi, vitu vidogovidogo, na kumbukumbu ziwe za mwisho, maana huko ndiko moyo unakokwama. Tulijaribu nyumbani Kinyerezi, tulipotaka chumba cha mtoto wa mama mdogo anayekuja kuanza chuo. Nguo zote za nyumba zikarundikwa kitandani. Mama akaziangalia khanga zake, zilizokuwa zimetawanyika kwenye makabati matatu na sanduku moja, akasema, “Kumbe nina doti zote hizi!” Mpaka hapo Kondo alikuwa ameshinda.

Halafu likaja swali lake maarufu: shika kitu, jiulize kama kinakupa furaha. Mama akashika doti mpya, haijafumuliwa hata uzi. “Furaha ipi tena, mwanangu? Hii ni ya shughuli.” Doti hiyo inasubiri msiba ambao haujatokea, au mtoto ambaye hajazaliwa. Mtu wa kufurahi nayo hajafika bado. Swali la Kondo linamhusu mwenye kabati peke yake, wakati nusu ya kabati la mama ni ya watu wengine.

Anakataza pia kuishusha nguo iliyochoka iwe ya kushindia nyumbani. Hapo nilicheka. Kwetu fulana huanza kuwa ya kutokea, ikawa ya kushindia, ikaishia kuwa dekio. Na fulana yenyewe tuliinunua mitumba pale Karume. Kuna mtu, mahali fulani ng’ambo, aliishika, hakuona furaha, akaitia mfukoni. Kitabu kinafurahia idadi ya mifuko inayotoka ndani ya nyumba. Belo linalofunguliwa Ilala alfajiri halimo.

Lakini turudi kwenye karatasi, maana huko hakuna mzaha. Baba alipofariki, mirathi ilipelekwa Mahakama ya Mwanzo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo. Kiwanja kilinunuliwa kwa mkono, na ushahidi ni karatasi moja ya mauziano yenye saini za mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa. Hizo Kondo angeziacha, sawa. Zilipohesabiwa siku za kazi za baba ndipo ilipoonekana kuna miezi ambayo michango yake haipo kwenye kumbukumbu. Mama akaingia stoo, akatoka na boksi la viatu. Hati za mshahara, mwezi kwa mwezi, zimefungwa kwa mpira. Makato yameandikwa wazi. Mtu anayeamini kwamba ofisi itakumbuka kwa niaba yake anaweza kutupa hati hizo. Mama hakuwa na imani hiyo, na miezi ikarudishwa.

Mahali pengine Kondo ametuona vizuri zaidi kuliko tunavyopenda. Anasema usipeleke vitu vyako kwa wazazi. Vijana wenzangu wenye geto safi Sinza na Mwenge, kitanda, meza na mmea mmoja, wanaposifu maisha ya vitu vichache, mimi huuliza vyeti vyao vya kidato cha nne viko wapi. Viko kwa mama. Tranka langu la bweni liko kwa mama pia, limekalia robo ya chumba tulichokuwa tunakitafuta. Lakini ushauri wake mwingine, kwamba familia isione unachotupa, haufai kwenye nyumba ambayo si yako. Tulimwita mama kwa kila mfuko.

Kama ningeandika toleo la hapa, lingeanzia nje. Dar imepata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyotuama: ndoo iliyopasuka, tairi, kopo la rangi, sinki lililosubiri fundi hadi likasahaulika. Vitu hivyo havina mgeni vinayemsubiri. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni wake, akapima, akalipa. Matairi hakuyataka. Mama ameyatoboa na kuyapandia mchicha. Tranka nitalichukua Jumamosi kwa bajaji, na boksi la viatu limepanda juu ya kabati, mbali na mchwa.