Ufundi wa Kuketi Bomani

Mwezi Mei 1966, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alimwandikia askofu wake barua kutoka Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Misheni ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, na ilielewana vizuri na Wamaasai. Lakini Mmaasai mtu mzima aliyeishika imani ya Kikristo hakuwepo hata mmoja, na mapadri hawakuwa na desturi ya kwenda kwenye maboma kuzungumza habari za Mungu. Donovan aliomba ruhusa ya kwenda mikono mitupu, bila ahadi ya shule wala dawa, azungumze nao jambo hilo tu. Mzee mmoja alipoelezwa nia yake alishangaa: kama hilo ndilo lililowaleta, mbona walikawia hivyo kulisema?

Kwangu mimi uinjilisti ni ufundi, tena mgumu. Leo tumezoea kuupima viwanjani, kwa ukubwa wa jukwaa, nguvu ya spika na idadi ya mikono iliyonyooshwa usiku wa mwisho wa mkutano. Siwadharau wanaohubiri hivyo. Wengi wana moyo safi. Lakini anayehubiriwa kwa spika hana pa kuuliza swali, na bila swali lake mhubiri hatajua ni Mungu yupi tayari anakaa moyoni mwa mtu yule.

Donovan aliulizwa. Aliwasimulia wazee habari za Ibrahimu, aliyetolewa katika nchi yake ajifunze kwamba Mungu si mali ya kabila moja, maana wao walimjua Engai, Mungu wao, kama mpenzi wa Wamaasai na ng'ombe wao. Wakamgeuzia swali: je, kabila lenu limempata Mungu huyo mkuu? Jibu la katekisimu lilikuwa karibu kumtoka. Kisha akayafikiria mataifa ya kwao, yanavyomwomba Mungu awe upande wao vitani. Akajibu kwamba hapana, hata wao hawajampata. Basi wamtafute pamoja. Sijui tendo la uinjilisti linalonigusa kuliko hilo. Mtu aliyesafiri bahari nzima kuja kufundisha anakubali, mbele ya wanafunzi wake, kuwa mtafutaji kama wao, na wazee wanazidi kumsikiliza.

Ulipofika wakati wa ubatizo alitaka kuchagua: huyu alikosa mafundisho, yule haelewi. Mzee wao mmoja, Ndangoya, akamkatiza. Alisema wavivu wamesaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa wamebebwa na wepesi; kwa nini awagawanye? Donovan akawabatiza wote. Fundi alisahihishwa na aliyemwita mwanafunzi, akakubali.

Njia hii ilikuwa na mwalimu wake. Roland Allen, kasisi Mwanglikana aliyetumika China, alichapisha mwaka 1912 kitabu kuhusu mbinu za mtume Paulo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuitenda: Paulo alifundisha kwa muda mfupi, akawakabidhi wenyeji kanisa lao, akaondoka akimwamini Roho Mtakatifu. Uzeeni Allen alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili, akatafsiri tenzi za Waislamu wa pwani, ukiwemo Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Alifia Nairobi mwaka 1947. Kasisi mzee anayeinamia beti za imani isiyo yake ili azielewe kwa haki: hilo nalo ni sehemu ya ufundi ninaousifu, na katika miji yetu, ambako msikiti na kanisa vinatazamana, tunauhitaji sana.

Boma moja la Wamaasai, baada ya mwaka mzima wa mafundisho ya Donovan, lilikataa ujumbe wake. Hakuwalazimisha watu wake. Aliandika baadaye kwamba pengine hilo ndilo fundisho kubwa alilolipata katika utume wake: ujumbe wa Kikristo lazima uwe ujumbe unaoweza kukataliwa. Basi msaada usiwe chambo: chakula kitolewe kwa sababu mtu ana njaa, karo ilipwe kwa sababu mtoto anataka kusoma, na anayesema hapana aendelee kupata vyote viwili. Na vyuo vyetu vya Biblia, vinavyowafundisha vijana kusimama mimbarani, viwapeleke pia wakakae kwa jirani wa imani nyingine au asiye na dini, wakirudi waulizwe kwanza walichosikia.