Msomaji Barazani: Fantasia za Shaaban Robert na Mapokezi Yake

Miongoni mwa kazi za nathari za Shaaban Robert (1909–1962), tatu zimejengwa katika ulimwengu usiopatikana kwenye ramani yoyote: Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika, iliyochapishwa baada ya kifo chake. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya na Tanzania vimesoma vitabu hivi, na kwa jumla mapokezi yake yamefuata njia mbili. Kila njia ina ukweli wake. Hata hivyo, zote mbili zinapuuza jambo lililo katika kiini cha fani ya mwandishi huyu, yaani nafasi ya anayesikiliza.

Njia ya kwanza huzisoma fantasia hizi kama fumbo la kisiasa. Mwandishi alikuwa karani wa serikali wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Hakuweza kuishutumu serikali hiyo waziwazi. Kwa hivyo, Kusadikika, nchi iliyo angani, ni Tanganyika. Waziri Majivuno ni mtawala wa kikoloni. Naye Karama, anayeshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, ni mtetezi wa haki za wanyonge. Usomaji huu una mashiko. Tatizo lake ni kwamba fumbo likishafumbuliwa, kazi ya msomaji imekwisha. Kama Kusadikika ingekuwa ukoloni uliovishwa joho tu, kitabu hicho kingekoma kusema lolote tarehe 9 Desemba 1961. Isitoshe, msomaji anayekazana kumtambua Majivuno katika sura ya mtu mwingine hujitoa yeye mwenyewe katika kesi.

Njia ya pili ni ya lawama. Wahusika, inasemwa, ni bapa: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana uhasidi, Mwivu ana wivu, na jina likishatajwa hakuna la ziada la kujulikana. Hotuba ni ndefu, na mafunzo yamewekwa wazi mno. Wahakiki wenye mwelekeo wa Kimarx wameongeza kwamba mabadiliko hutoka katika moyo wa mfalme, si katika nguvu za umma.

Mpangilio wa masimulizi unaonyesha jambo jingine. Katika Kusadikika, utetezi wa Karama si ubishi wa vifungu vya sheria. Ni msururu wa hadithi za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema na, waliporudi, wakatiwa kifungoni. Wanaosikiliza hadithi hizo ni baraza lile lile la utawala uliowafunga wajumbe. Maadamu hadithi inaendelea, hukumu haiwezi kutolewa. Na kila hadithi inapokwisha, wanaohukumu wamezidi kuijua dhuluma ya nchi yao. Msomaji ameketishwa katika baraza hilo. Swali analoulizwa si nani anasemwa, bali yeye angehukumu vipi.

Adili na Nduguze, ambayo kisa chake kina asili katika Alfu Lela Ulela, inalikaza fundo hilo zaidi. Mjumbe wa Mfalme Rai anamkuta Adili, liwali wa Janibu anayesifiwa kwa wema, akiwachapa manyani wawili usiku. Tendo linatangulia, sababu inafuata. Msomaji hushawishika kumtia Adili hatiani kabla ya kusikia kwamba manyani hao ni nduguze waliojaribu kumwangamiza, na kwamba adhabu hiyo ameamriwa na jini Huria. Hapo dai la wahusika bapa linapungua nguvu. Ni kweli kwamba jina la Adili halibadiliki. Kinachobadilika ni rai ya msomaji juu yake.

Kufikirika inaonyesha upande wa pili wa usikivu. Mfalme asiye na mrithi anawategea sikio waganga wa kila namna, hata kufikia dai kwamba mjinga na mwerevu watolewe kafara kwa ajili ya mwanawe. Kusikiliza bila kupima, katika kitabu hiki, kunahatarisha maisha ya watu.

Majina ya vitabu viwili kati ya hivi yanathibitisha dhamira hiyo. Kusadikika na kufikirika ni vitenzi katika kauli ya kutendeka, na tendo linalotajwa si la msimulizi. Anayesadiki ni msikilizaji. Anayefikiri ni msikilizaji. Kwa hiyo ajabu ya nchi hizi haikukusudiwa kuwa pazia la kuficha ukweli pekee, bali pia kipimo cha anayeupokea.

Lawama ya Kimarx, hata hivyo, haiondoki kwa hoja hii. Raia wa Kusadikika hawana sauti barazani, na uhuru wa Karama na wa wajumbe unategemea mfalme aliyekubali kusikia. Asingekubali, hadithi zisingeokoa mtu. Huo ni upungufu halisi wa falsafa ya Shaaban Robert. Lakini mwanafunzi anayefundishwa kujibu tu kwamba Majivuno ni mkoloni hajaupata upungufu huo wala uzito wa kazi yenyewe. Amepewa jina la mshtakiwa, akanyimwa kiti cha hakimu.