Maoni Juu ya Riwaya za Maajabu

Msimu uliopita wa mavuno ya alizeti nilikaa Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, nikiwa na vitabu vinne vya aina ambayo wahakiki huiita riwaya ya kifantasia. Jioni moja nilimsimulia mzee mwenyeji wangu kisa cha *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995: jinsi Dzombo alivyohukumiwa kifo, akatiwa katika chombo cha kurushwa angani, akafika salama katika nchi isiyojua dhuluma. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, njiani alikula nini?" Nilicheka. Baadaye nilikionea haya kicheko kile, maana swali lilikuwa uhakiki tosha.

Hakukataa kwamba mtu aweza kuruka. Tangu utoto amesikia ngano za mazimwi na za wanyama wasemao. Lakini katika ngano zile kila ajabu ina sharti lake: usigeuke nyuma, usifungue chungu, usitaje jina, na avunjaye sharti hulipa. Dzombo, akishatua, halipi tena kitu. Wenyeji wanaeleza, mgeni anasikiliza, na hofu yote imebaki angani. Nasema haya kwa masikitiko, kwa kuwa Mkangi alitiwa kizuizini mwaka 1986, na hukumu ile ya mwanzo haikuandikwa na mtu aliyeisikia kwa mbali. Hata jina la nchi, likikatwa vipande, "wale ni sisi", lafundisha kuliko kurasa nyingi zinazofuata.

Yamkini msomaji atanikumbusha kwamba *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, nayo ni nchi ielekeayo angani na iliyojaa hotuba. Ni kweli. Lakini Karama anenapo barazani, shingo yake i hatarini kwa kila neno. Ndiyo sababu twamsikiliza.

*Bina-Adamu!* ya K. W. Wamitila (2002) nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilichoka. Dhihaka yake juu ya P.P. na kijiji chake cha utandawazi ni kali, tena ya haki; ila safari yapita mabara kama mwalimu apitishaye fimbo juu ya ramani.

*Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001) ni jambo jingine. Babu aliyekufa amrudia mjukuu wake, K, mtu mkubwa aliyeshiba, amtoe akaone waishivyo wengine. Hapa Mwankoko sikuhitaji kueleza neno. Mzimu una haki ya kudai, na mdaiwa hawezi kumfungia mlango. Mafundisho yamo, tena mengi, lakini yamepita katika ukoo kabla ya kufika katika siasa.

Nimebakiza *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba cha mwaka 1990. Wanafunzi wengi hukilaani, na wasemao kwamba kimeandikwa kwa ajili ya wasomi peke yao wana sehemu ya kweli. Nami nakiri kuna kurasa zilizonishinda. Hata hivyo nilimsomea mzee mahali panapotajwa paa. Nilitazamia aniulize maana yake. Aliuliza kama paa alikamatwa, na nilipofunga kitabu kwa sababu taa ilikuwa inafifia, akaagiza iletwe nyingine.