Ndiyo Isiyo na Masharti: Namna Italia Ilivyounganishwa

Tarehe 17 Machi 1861, mjini Torino, ilitangazwa sheria yenye kifungu kimoja tu: Vittorio Emanuele II, yeye na warithi wake, anatwaa cheo cha Mfalme wa Italia. Itazame namba iliyofuata jina lake. Italia haikuwahi kuwa na Vittorio Emanuele wa Kwanza. Aliyekuwa na jina hilo alitawala Ufalme wa Sardinia, wenye makao yake Torino, mmoja tu kati ya nchi zilizounganishwa. Hata Bunge lililopitisha sheria hiyo, ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa na wabunge wa Napoli na Palermo, lilihesabiwa kuwa la nane, kwa hesabu iliyoanza Torino mwaka 1848. Kisheria, basi, hakuna dola mpya iliyozaliwa siku ile. Dola ya zamani ilipanuka, kisha ikabadili jina.

Masimulizi mengi ya umoja wa Italia hukaa sana kwenye mashati mekundu ya wapiganaji wa kujitolea wa Jenerali Garibaldi. Ushujaa ule ulikuwa wa kweli na ulistahili kusimuliwa. Lakini kuiteka nchi ni kazi moja, na kuifanya iwe sehemu ya nchi nyingine ni kazi nyingine kabisa. Kazi hii ya pili ndiyo iliyoamua Italia itakuwa ya namna gani.

Baada ya Mkutano wa Vienna wa 1815, rasi ya Italia ilikuwa imegawanywa. Austria ilishika Lombardia na Veneto, ndugu na jamaa wa ukoo wake wa kifalme wakashika Toscana, Modena na Parma, Papa akatawala katikati, na ukoo wa Bourbon ukawa na Ufalme wa Sicilia Mbili huko kusini. Mapinduzi ya 1848 yalizaa katiba kila upande. Kufikia mwisho wa 1849 iliyobaki hai ilikuwa moja tu, ya Sardinia, aliyoitoa Mfalme Carlo Alberto. Hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wa Torino. Mtu aliyechoka na udhalimu wa Napoli au Roma alijua penye Bunge na magazeti, na wengi walikimbilia huko.

Waziri Mkuu Cavour alijua kwamba jeshi lake peke yake haliiwezi Austria. Mwaka 1858, huko Plombières, alipatana na Napoleon III wa Ufaransa, na vita vya 1859 vikapiganwa Magenta na Solferino. Kisha Napoleon akaweka silaha chini bila kumshauri. Lombardia ilipatikana, lakini watawala waliofukuzwa Toscana na Modena walitakiwa warudishwe. Cavour alijiuzulu kwa hasira. Aliporudi madarakani Januari 1860, jibu lake lilikuwa kura ya maoni. Napoleon mwenyewe alihalalisha utawala wake kwa kura kama hiyo, hivyo asingeweza kuikataa kwa wengine. Machi 1860 wanaume wa Toscana walichagua kujiunga kwa kura 366,571 dhidi ya 14,925 za ufalme wa peke yao. Ufaransa ilidai ujira wake, ikapewa Savoie na Nice, nako kura ikapigwa vilevile.

Mtihani mkubwa ulikuwa kusini. Garibaldi alitua Marsala, Sicilia, tarehe 11 Mei 1860 na watu wapatao elfu moja, akaingia Napoli tarehe 7 Septemba. Cavour aliogopa jamhuri, na akaogopa pia kwamba Garibaldi na watu wake wakishambulia Roma, Ufaransa ingeingia vitani. Akapeleka jeshi la mfalme likapita katika ardhi ya Papa, na kuiacha Roma yenyewe. Wakati huohuo wanajamhuri Mazzini na Cattaneo walikuwa Napoli wakidai watu wa kusini wachague kwanza mabaraza yao. Sicilia ilikuwa imekwisha kuitisha uchaguzi wa baraza la namna hiyo.

Hapa ndipo ninapoona fundo la hadithi nzima. Baraza hujadili na huweka masharti: kodi iwe hivi, sheria za ardhi zibaki hivi, sisi tutajitawala katika mambo haya. Kura ya maoni hujibu ndiyo au hapana tu. Bunge la Torino lilipitisha sheria ya kupokea nchi zitakazojiunga, bila masharti, na Garibaldi akakubali. Uchaguzi wa baraza la Sicilia ukafutwa. Tarehe 21 Oktoba watu waliulizwa kama wanataka Italia moja isiyogawanyika chini ya Vittorio Emanuele na warithi wake. Kusini bara walisema ndiyo 1,302,064 na hapana 10,312. Sicilia ilitoa 432,053 dhidi ya 667.

Kura haikuwa ya siri. Palikuwa na chombo cha karatasi za ndiyo, kingine cha hapana, na sanduku katikati. Mpiga kura alichagua chombo mbele ya maafisa na majirani. Siamini kwamba watu wa kusini waliutaka utawala wa Bourbon urudi. Ulianguka haraka mno kuweza kusema hivyo. Ila hesabu zile haziwezi kutuambia walichotaka badala yake.

Aliyesema ndiyo mwezi Oktoba, mara nyingi hakuruhusiwa kuchagua mbunge Januari 1861. Sheria ya uchaguzi ya Sardinia ilitaka mwanamume wa miaka 25, anayejua kusoma na kuandika, anayelipa kodi isiyopungua lira 40. Katika watu milioni 22, wapiga kura walikuwa kama 418,000. Sheria nyingine zilifuata njia hiyohiyo. Ushuru mdogo wa forodha wa Torino ulipelekwa kusini, na viwanda vilivyozoea kulindwa vikaumia. Sicilia, ambayo chini ya Bourbon haikutoa vijana jeshini kwa lazima, ikaanza kuwatoa. Madeni ya nchi zote yakaandikwa katika daftari moja. Vijiji vilipoasi, sheria ya Pica ya 1863 iliwaweka watuhumiwa chini ya mahakama za kijeshi.

Njia nyingine ilikuwepo. Waziri Minghetti alipendekeza kanda zenye madaraka yake, lakini Cavour alifariki Juni 1861, na kabla mwaka haujaisha mpango huo ukawekwa kando. Majimbo yakapewa wakuu walioteuliwa na serikali. Veneto iliingia mwaka 1866 na Roma mwaka 1870, kwa kura ya namna ileile. Sicilia ilipata baraza lake kwa hati ya 1946, na kanda nyingi zilizobaki zilichagua mabaraza yao kwa mara ya kwanza mwaka 1970.