Kijana Asimulia, Mhadhiri Apima

Filamu ya Good Will Hunting (1997) imewazoesha watazamaji sura moja ya kijana mwenye kipaji na mlezi wake. Kijana ana donda moyoni, mlezi anamkalisha kwenye benchi la bustani mjini Boston, anampa maneno mazito, na mlango unaanza kufunguka. Robin Williams aliistahili Oscar yake. Lakini litazame tukio lile kifundi: anayezungumza ni mlezi, kijana kanyamaza. Mkoa wa Tanga una kisa cha jamii hiyo kilichopangwa kinyume chake, nacho hakimo katika filamu bali katika makala ya mwaka 1969 ya jarida la Physics Education, yenye majina mawili: Erasto Mpemba na Denis Osborne. Nadai kwamba nguvu ya makala ile imo katika mgawanyo wake wa kazi.

Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba, kwa kauli yake mwenyewe. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa ya aiskrimu, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanagombania nafasi kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambaye hakuchemsha kabisa, yalikuwa bado mazito tu kama uji. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, akataniwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Katikati ya kejeli hizo kuna ushahidi ambao wasimuliaji wengi huuruka: mtengeneza aiskrimu wa Tanga mjini, aliyemweleza kwamba naye huutia mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Ngamiani, Tanga, hapahitaji kuelezwa uzito wa shahidi huyo. Muuzaji hana nadharia ya kuitetea. Ana jua la saa sita na wateja wanaosubiri. Kwa kumwacha shahidi huyo ndani ya makala ya kisayansi, waandishi walionyesha kuwa jambo hilo lilikuwa likifanyika kazini, nje ya kichwa cha mwanafunzi mmoja.

Sehemu ya pili ni ya Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekwenda Mkwawa kuzungumza na kukutana na swali la Mpemba: kwa nini maji ya moto yagande kabla ya maji ya baridi? Hakuliamini, ila aliahidi kulijaribu. Fundi wa maabara akarudi na habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kuwa watarudia mpaka lipatikane jibu sahihi! Ndipo vipimo vikapangwa: mililita 70 za maji katika bika ya mililita 100, juu ya bamba la povu la plastiki, ndani ya jokofu la kawaida la nyumbani. Maji yaliyoanzia nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanzia karibu 90 yaliwahi mno. Kupungua kwa maji kwa mvuke na hewa iliyoyeyuka ndani yake vikachunguzwa, na vikaonekana havitoshi kuwa sababu.

Atatokea wa kusema kwamba mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya wakakosa ushahidi wa kutosha, tena wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuzua tofauti ya uongo. Pingamizi hilo ni zito, na sioni haya kulikubali kwa sehemu. Ila wao walipima muda wa kupoa hadi nyuzi sifuri, ilhali Mpemba aliuliza habari ya kuganda. Na waliweza kubishana naye kwa sababu Osborne aliandika vipimo vyake waziwazi, hata mwingine akavirudia.

Pingamizi la pili ni kwamba Osborne hakuwa mlezi wa mtu: alikutana na swali tu. Ni kweli, wala Mpemba hakuwa mwanafizikia baadaye. Alisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka. Lakini mwenye elimu aliandika nusu yake, akamwachia kijana nusu nyingine aiseme mwenyewe, na fizikia ikalipa jambo lile jina la kijana.